Nimeweka cheni mpya, sasa gia zinaruka zaidi kuliko mwanzo

*"Nina baiskeli ya barabarani yenye sahani mbili mbele na gia 11 nyuma. Ina miaka mitatu na naiendesha karibu kila siku. Miezi michache iliyopita ilianza kuruka nikisimama kwenye pedali kupanda mlima: mguu unashuka ghafla, nasikia 'krak', kisha inashika tena. Nilikaza waya wa gia na kugeuza zile skrubu mbili za deraila, haikusaidia. Fundi akaniambia cheni imelegea, nikaweka mpya. Sasa ndiyo imeharibika kabisa, hasa gia tatu za katikati. Cha ajabu, nikiinua gurudumu na kuzungusha pedali kwa mkono, kila gia inaingia vizuri bila kelele. Rafiki yangu anasema deraila imekufa, ninunue nyingine. Nifanye nini?"*

Kabla ya yote: usisimame tena kwenye pedali za baiskeli hiyo mpaka tatizo liishe. Cheni ikiruka umeketi utashtuka tu. Ikiruka umesimama, uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja, goti linagonga usukani na wewe unakwenda chini, pengine mbele ya gari linalokufuata. Nenda polepole, kaa kwenye kiti, tumia gia nyepesi.

La pili, usinunue deraila. Kile kifaa kinachoning'inia chini ya ekseli ya nyuma kina kazi mbili: kuisogeza cheni kutoka sproketi moja (gurudumu la meno la nyuma) hadi nyingine, na kuivuta isilegee upande wa chini. Kazi hizo zote umezishuhudia zikifanyika ulipoinua gurudumu, maana gia ziliingia moja baada ya moja bila kusita. Deraila iliyokufa haifanyi hivyo. Kilichobadilika kati ya gurudumu lililo hewani na mlima ni nguvu ya miguu yako, na nguvu hiyo haipiti kwenye deraila hata kidogo. Inapita kwenye sahani ya mbele, kwenye cheni upande wa juu, kwenye meno ya sproketi, halafu kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Huko ndiko kwa kutafuta.

Watu wengi husema "gia inaruka" wakiwa na maana tatu tofauti, na hapo ndipo pesa hupotelea, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Kuna cheni isiyojua ikae wapi. Umechagua gia, cheni inasitasita, inatikatika, mara inapanda sproketi ya jirani, mara inarudi. Hii hutokea hata kwa nguvu ndogo, na mara nyingi utaisikia gurudumu likiwa hewani. Chanzo ni waya, ganda la waya, au kishikio cha deraila (kibati kinachoishikilia kwenye fremu) kilichopinda. Kuna habu inayoachia: pedali zinakwenda mbele bure kwa kishindo, cheni ikiwa imekaa palepale kwenye meno yake, na gia zote zinafanya hivyo bila kubagua. Halafu kuna cheni inayopanda juu ya meno na kuyaruka pale unapokanyaga kwa nguvu, tena kwenye sproketi chache tu, zile unazozitumia sana. Wewe umetaja nguvu, umetaja gia tatu za katikati, na umesema cheni mpya imezidisha ugonjwa. Hiyo ya mwisho peke yake karibu inatosha. Keseti yako, yaani lile fungu la sproketi 11 za nyuma, imelika.

Inaudhi kuambiwa hivyo wakati umetoka kununua cheni, kwa hiyo acha nieleze kinachotokea.

Cheni hailegei kama kamba. Vibati vyake havivutiki. Kinacholika ni pini na matundu yanayoikumbatia, ndani kabisa ambako macho hayafiki, na kila kiungo kinapata nafasi ndogo ya kucheza. Umbali kutoka pini hadi pini kwenye cheni mpya ya baiskeli ni nusu inchi, milimita 12.7. Cheni iliyochakaa kwa asilimia 0.75 imeongezeka chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila pingili. Ni kidogo mno kuonekana, lakini pingili zipo zaidi ya mia moja, na kila jino la sproketi linasikia tofauti hiyo kila mzunguko.

Rola za cheni iliyorefuka, vile vipipa vidogo vinavyozunguka juu ya pini, hazikai tena chini kabisa kati ya meno. Zinapanda kidogo, zikitafuta mahali ambapo umbali unalingana na urefu wao mpya, na zikiwa hapo juu zinasaga uso wa jino. Baada ya miezi jino linachimbika upande unaosukumwa, na ncha yake inaanza kujikunja kama ndoano. Cheni na keseti zinazeeka pamoja, kila moja ikijifinyanga kwa sura ya mwenzake, ndiyo maana baiskeli iliyochakaa inaweza kutembea kimya kwa muda mrefu kabla haijaanza kukusumbua.

Sasa weka cheni mpya. Rola zake ziko milimita 12.7 barabara, lakini mabonde kati ya meno yamechongwa na cheni ndefu. Angalia rola inavyoingia kwenye sproketi: inatokea chini, kwenye kigurudumu cha deraila, upande ambao kinachoivuta ni springi tu. Inapojaribu kuzama kati ya meno mawili, inakutana na ile ncha iliyojikunja na kubaki imekalia bega la jino. Unapokanyaga taratibu, meno machache ya juu yanayobeba mzigo yanatosha, na pengine rola itateleza mahali pake. Ukikanyaga kwa uzito wako wote, rola zilizoshika zinatoka kwenda mbele, zinazofuata hazijakaa sawasawa, na cheni nzima inapanda juu ya ncha za meno. Ndiyo hiyo "krak". Ni zipu ambayo meno ya upande mmoja ni mapya na ya upande wa pili yameisha: itafungika ukiivuta polepole, itafunguka ukivuta pumzi.

Fundi wako hakukosea kuona cheni imechakaa. Alichoacha ni kukuambia kwamba ilichakaa muda mrefu uliopita na imekwisha kuila keseti. Kuhusu zile skrubu mbili ulizogeuza, lawama siweki kwako. Tangu Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli, walipoleta mfumo wa gia zinazobofya mwaka 1984 kwenye vifaa vyao vya mbio vya Dura-Ace, sote tumezoea kudhani kila tatizo la gia ni la kurekebisha. Skrubu hizo hazina uhusiano wowote na gia za katikati. Ni mipaka tu: moja inazuia cheni isidondoke nje ya sproketi ndogo kabisa na kukwama kwenye fremu, nyingine inazuia deraila isiingie kwenye spoku za gurudumu.

Kwa kuwa umezigusa, zirudishe kwanza, kabla hujaendesha tena. Weka cheni kwenye sproketi kubwa kabisa, simama nyuma ya baiskeli, inama mpaka jicho liwe sawa na keseti. Kigurudumu cha juu cha deraila kiwe chini kabisa ya sproketi hiyo, kwenye mstari mmoja nayo. Isukume deraila kwa kidole kuelekea spoku: isipite hapo. Ikipita, kaza skrubu yenye herufi L mpaka ikome. Fanya hivyo upande wa pili, sproketi ndogo kabisa na skrubu ya H. Deraila iliyoingia kwenye spoku ukiwa mwendoni huvunja spoku, huvunja kishikio chake, na wakati mwingine hupasua fremu. Kuruka gia ni kero ndogo mbele ya hilo.

Sasa thibitisha ninayosema, usiniamini bure.

Kipimo cha kwanza ni cha barabarani. Tafuta mahali tambarare pasipo magari, kaa kwenye kiti, pita gia moja moja, na kila gia ikanyage kwa nguvu kiasi mara kadhaa. Andika zinazoruka. Kwenye keseti ya kawaida ya 11 hadi 28, sproketi zina meno 11, 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25 na 28. Nadhani zako zinazoruka ni za 15, 17 na 19, au jirani zake, ila usishangae zikiwa nyingine, inategemea unapenda kuendeshea wapi. Kama sproketi mbili tatu zinaruka na zile kubwa usizozigusa sana zinashika imara kwa cheni ileile, kesi imekwisha. Rudia ukiwa kwenye sahani nyingine ya mbele. Kama kuruka kunatokea kwenye sahani moja tu, na gia zote za nyuma, basi iliyolika ni sahani hiyo. Sahani ya mbele ina meno mengi na hudumu zaidi, lakini nayo ina mwisho wake.

Kipimo cha pili kinahitaji rula, na cheni yako ya zamani kama hujaitupa. Itandaze, ivute iwe sawa, weka sifuri ya rula kwenye ukingo wa pini moja, uhesabu pingili 24, usome ukingo uleule wa pini ya mwisho. Cheni mpya itakupa milimita 304.8. Ikifika 306.3 imechakaa asilimia 0.5, na kwa gia 11 hapo ndipo pa kuibadilisha. Ikifika 307 tayari umechelewa, na ikikaribia 308 keseti haiponi kamwe. Nadhani ya kwako iko karibu na huo mwisho.

Kuangalia meno kwa macho ni kipimo dhaifu, nakuonya mapema. Keseti mpya huja na meno mafupi, yaliyopindishwa, mengine yamekatwa upande makusudi ili cheni ipande kwa urahisi, na wengi huyaona hayo wakadhani yameliwa. Kinyume chake, jino lililokwisha linaweza kuonekana zima kabisa.

Yapo mambo mengine mawili ya kuyaondoa, kwa sababu umetoka kufunga cheni. Cheni mpya ikiungwa vibaya inakuwa na pingili moja ngumu isiyokunjika. Hiyo nayo huruka, lakini kwa mpangilio: kwa cheni ya pingili 110 na sahani ya meno 50, itajirudia kila pedali zinapozunguka mara mbili na kidogo. Zungusha pedali kinyumenyume polepole ukiangalia cheni ikipita kwenye vigurudumu vya deraila, pingili ngumu itaruka kidogo kila inapopita hapo. Ilegeze kwa kuikunja kushoto na kulia kwa vidole. La pili ni upana: cheni iliyofungwa iwe ya gia 11. Ya gia 10 au 9 ni pana, itasugua sproketi za jirani hata kama keseti ni mpya.

Kama vipimo vimekubaliana nami, una njia kadhaa mbele yako, na si zote ninazipenda.

Njia safi ni keseti mpya pamoja na cheni hiyohiyo mpya uliyoweka. Cheni iliyotembea siku chache juu ya keseti mbovu haijaharibika. Ipime kwa rula ujiridhishe. Chagua keseti ya gia 11 yenye ukubwa uleule wa sproketi, ili deraila na urefu wa cheni visidai mabadiliko mengine, na hakikisha inaingia kwenye habu yako, kwani mifereji ya habu ya Campagnolo, kampuni nyingine ya vipuri, haikubali keseti ya Shimano. Kwa kuifungua unahitaji kifungulio maalumu cha kofia ya keseti (ile pete inayoibana kwenye habu) na mjeledi wa cheni, mpini wenye kipande cha cheni, wa kushikilia sproketi. Kufunga ni rahisi kuliko kufungua: mfereji mmoja ni tofauti na mingine, kwa hiyo kila sproketi inaingia kwa namna moja tu, na kofia hukazwa nyutoni-mita 40, ambayo ni nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Itakwaruza na kubofya wakati wa kukaza, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukimaliza, shika sproketi kubwa uitikise. Ikicheza, kuna shimu, ile pete nyembamba ya kujaza nafasi, iliyosahaulika.

Unaweza kubadilisha zile sproketi tatu peke yake. Baadhi ya keseti zina sproketi ndogo zinazotoka moja moja, lakini za kati na kubwa mara nyingi zimepigwa ripiti pamoja, na kupata sproketi moja ya aina hasa uliyo nayo kunaweza kukuchosha kuliko kununua keseti nzima. Kama una fundi mwenye sanduku la keseti kuukuu, muulize. Vinginevyo achana nalo.

Wako watakaokuambia rudisha cheni ya zamani. Kwa mtu ambaye cheni yake kuukuu haikuwa ikiruka, huo si ushauri wa kijinga: ataendesha vyote viwili mpaka vife, kisha abadilishe kila kitu kwa mkupuo, sahani za mbele zikiwemo. Kwenye baiskeli ya bei nafuu ya gia 8 ninaukubali kabisa. Kwako haufai, maana ya zamani ilikwisha anza kuruka yenyewe. Na wako wanaochukua tupa wakasugua zile ncha zilizojikunja. Itashika wiki chache pengine, ila bonde lililochimbika linabaki vilevile, na mimi nisingepanda mlima kwa kuamini tupa.

Usibaki na mawazo ya kungoja vizoeane, vile vile. Kweli cheni mpya na keseti iliyolika kidogo sana huweza kutulia baada ya safari chache. Yako inaruka mpaka unaogopa kusimama, hiyo haitatulia.

Sasa, kama kipimo cha barabarani kimenikana. Tuseme kuruka kunatokea gia zote, kwa kishindo, na ukimwomba mtu aendeshe kando yako aangalie, anakuambia cheni haikupanda popote. Hiyo ni habu. Ndani yake mara nyingi kuna kucha ndogo za chuma zinazosukumwa na springi kushika meno ya ndani unapokanyaga na kuachia unapoacha. Grisi nzito au uchafu uliokauka huzigandisha, moja inashika nusu, na siku moja inateleza. Wakati mwingine kusafisha na kuweka mafuta mepesi kunatosha, lakini usijaribu hilo mara ya kwanza peke yako kama hujawahi kufungua habu; springi zake ni ndogo kama kope na zinapenda kuruka. Na usiendeshe hadi ifanyiwe kazi.

Au tuseme gia zinaanza kutikatika baada ya kila siku chache, unazungusha kirekebishio cha waya kwa vidole, zinatulia, kisha zinarudia. Usiendelee kukaza. Waya unaohitaji kukazwa mara kwa mara unakatika uzi mmoja mmoja, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni ndani ya kibadilishia gia, pale kichwa chake kinapokaa na waya unapojipinda. Ukikatika wote, cheni itaangukia sproketi ndogo kabisa na utarudi nyumbani kwa gia nzito kuliko zote, na kipande kilichobaki ndani ni kazi ngumu kukitoa. Badilisha waya pamoja na ganda lake, na ganda liwe la gia: lile la breki lina nyuzi zilizozungushwa, hubanwa kidogo unapobofya, na gia za nyuma hazisamehi hilo.

Kishikio cha deraila ninakiacha mwisho kwa kuwa ndicho ningekupeleka kwa fundi moja kwa moja. Kama baiskeli iliwahi kuanguka upande wa kulia, au ililazwa upande huo kwenye buti la gari, simama nyuma yake uangalie vile vigurudumu viwili vya deraila. Vinapaswa kusimama wima chini ya sproketi, kimoja juu ya kingine. Kile cha chini kikiwa kimeingia kuelekea spoku, kishikio kimepinda. Kimetengenezwa kwa alumini laini makusudi ili kipinde chenyewe badala ya fremu, lakini kukinyoosha kunahitaji kifaa kirefu kinachofungwa kwenye tundu lake na kulinganishwa na ringi pande zote. Kwa mkono na spana utakivunja. Ishara yake ni gia ndogo kuingia vizuri na kubwa kusumbua, au kinyume chake, bila kirekebishio cha waya kuweza kuziridhisha zote.

Ukienda kwa fundi, usimwambie "gia zinaruka" ukaishia hapo. Mwambie: inaruka nikikanyaga tu, kwenye sproketi hizi tatu, cheni ni mpya, gia zinaingia vizuri hewani, na skrubu za mipaka niliwahi kuzigeuza, naomba uziangalie. Kwa maneno hayo fundi mzuri atachukua kipimo cha cheni na kuangalia keseti kabla hajagusa bisibisi. Akianza kwa kukaza waya, muulize kwa upole anatafuta nini.

Keseti mpya ikishafungwa, usiende mlimani moja kwa moja. Kaa, tambarare, pita gia zote 11 ukikanyaga kwa nguvu. Kisha simama kwenye gia ya kati, mikono ikiwa imeshika usukani imara. Kisha mwinuko mdogo. Ikishika hapo, endelea. Ikiruka hata mara moja, cheni na keseti zote zikiwa mpya, rudisha baiskeli siku hiyohiyo waifungue habu.